Msimu wa Kwanza na Kahawa ya Bibi

Bukoba nzima hakuna anayejua tamthilia kunizidi. Bishaneni na ukuta.

Ile ya wanafunzi mizimu, msimu wa kwanza tuliuponda eti unachosha. Leo nimeurudia hapa Nyanga, nyumbani kwa bibi.

Jamani, tulikosea! Binti anamlilia mama yake, hajui kuwa aliyekufa ni yeye mwenyewe. Nyie acheni tu.

Sasa, bibi alikwenda misani, akaniachia kahawa yake imeanikwa uani. Amerudi, mvua imeilowesha yote. Ikiota ukungu, hainunuliki.

"Hukuisikia mvua?"

"Nilivaa eafoni, bibi."

Akacheka. "Basi, mume wangu. Hukukusudia." Akainama kuzoa kahawa matopeni.

Haya, nipondeni na mimi.

Mvua niliisikia. Nilitaka kwanza kipande cha yule binti kiishe.