Kule Zambia na Huku Njombe, Wapi Afadhali

Nashona nguo Makambako, kwenye kibanda kinachotazama maegesho ya malori yanayokwenda Zambia. Kila anayekuja kupunguziwa suruali, akishajua kwamba nilikaa Kitwe miaka tisa, ataniuliza: kule na huku, wapi afadhali? Swali hili limenichosha. Zamani nilikuwa najibu kwa urefu. Siku hizi nasema pote pazuri, nakanyaga cherehani, na mwenye akili anaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Ukweli ni kwamba sijui. Kule tulikuwa na bomba uani, tukichangia kaya sita, na sikubeba ndoo kichwani hata siku moja. Hapa nasubiri maji ya mgawo mpaka nakasirika. Lakini kule, miaka yangu ya mwisho, umeme ulikuwa unakuja saa chache tu, na fundi mwenye mashine ya umeme bila umeme ni mtu aliyekaa tu. Unga wa kule ni mweupe, laini, ila wote unaununua, hata wiki ambayo huna kitu. Kwa mama yangu, Njombe, kuna baridi ya kupasua midomo na matope mpaka mlangoni, lakini viazi viko shambani, unachimba bila kumwomba mtu. Watoto wa jirani zangu wa Kitwe waliongea Kiingereza, nikawaonea wivu mama zao. Huku nikiumwa asubuhi, kufika mchana watu watano wameshakuja kunipa pole. Hesabu wewe, mimi nimeshindwa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, swali hilo lilinifuata mpaka kwa mama, na huko sikuwa na cherehani ya kukanyaga. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alitaka kwenda Zambia na mke na watoto wawili. Alikuwa tayari ameshapata mnunuzi wa mipaini aliyoiacha baba. Miti yenyewe ilikuwa na miaka minane, haijafika umri wa mbao. Ingekatwa ikauzwa mirunda, ya kushikilia zege kwenye majengo ya watu. Ukikata michanga hivyo, umekula mbegu. Mama hana akiba nyingine zaidi ya miti ile.

Kwetu miti ya marehemu haiguswi mpaka ukoo ukae. Tukakaa Jumamosi mchana, jikoni kwa mama, maana ndiko kwenye moto: mama, mdogo wangu, mimi, na baba mdogo na kopo lake la ulanzi, pombe ya mianzi. Baba mdogo akasema jambo hili ni jepesi, shahidi tunaye. Mimi nikisema kule kuna maisha, miti inakatwa. Nikisema hakuna, inabaki.

"Kwani anahitaji kusema?" mdogo wangu akauliza. "Nyumba ya dada si wote tumeiona?"

Alikuwa anaisema picha iliyoko sebuleni kwa mama. Niliituma mwaka wangu wa pili: mimi na gauni la kitenge, nyuma yangu nyumba nyeupe yenye geti na majani yaliyokatwa vizuri. Nyumba hiyo ilikuwa ya mama mwenye nyumba wangu. Mimi nilipanga chumba cha uani, ukuta mmoja na stoo yake ya mkaa. Sikuandika kwamba ni yangu. Sikuandika chochote. Nilijua watakachofikiri, nikawaacha wafikiri.

Na kwenye simu ilikuwa hivyo hivyo. Mtu wa kwetu akiwa ugenini hasemi shida, kwa sababu utawaumiza bure watu wasioweza kukusaidia. Unasema niko salama, kazi nyingi, huku kuzuri. Sote tunafanya hivyo, na sote tunawaamini wenzetu wanaofanya hivyo. Huo ndio ujinga wetu.

Basi nikasema. Chumba, mkaa, kibali cha kuishi kilichoisha nikawa napita vichochoroni kukwepa kuulizwa, wiki za kushindia uji. Nikasema pia bomba na shule, kwa sababu nilitaka kuwa mkweli mara moja bila kupunguza. Mdogo wangu akacheka.

"Wewe umekwenda, umeona, umerudi na mashine mbili. Mimi hutaki hata nijaribu. Una wivu, dada."

Nikapandwa na hasira. "Unajua kwa nini sikuja kumzika baba? Niliwaambia nimenyimwa ruhusa kazini. Sikuwa na kazi! Sikuwa na nauli!"

Baba mdogo aliweka kopo chini, akasema miti isubiri ikomae. Mdogo wangu akatoka bila kuaga. Hajaenda popote, amepanda parachichi kwenye kipande chake, na mpaka leo anaongea na mimi kwa kupitia mkewe. Sijui kama nilimwokoa au nilimfungia riziki. Huenda yeye angepaweza kule.

Wanaume walipoondoka nikabaki naosha vyombo na mama. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeshukuru. Hakugomba. Alisugua sufuria mpaka chini, ndipo akasema:

"Baba yako aliugua miezi minne. Mimi nilitaka tukuite mwanzoni kabisa."

Nikamwuliza kwa nini hawakuniita. Mimi simu ya msiba ndiyo iliyonifikia, ya ugonjwa sikuipata.

"Alinikataza. Alisema, mwacheni mtoto, huko aliko amepata, msimharibie."

Maji ya kuoshea yalikuwa ya baridi na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikaviacha humo humo. Nikamwuliza kama baba aliniulizia.

"Kila siku," mama akasema. "Nikishika simu nikupigie, ananipokonya."