Mstari Uliobaki Nyuma

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Rula ameshausogeza mstari mmoja mara tisa. Anaupandisha, anarudi nyuma na kiti chake, anafumba jicho la kushoto, anaushusha. Mstari wenyewe ni wa kijivu, mwembamba kama uzi, na kazi yake ni moja tu: kutenganisha visanduku vya juu na vya chini katika dirisha la programu ya hospitali.

"Mtu akiuona sana, nimekosea," anasema bila kugeuka. "Asipouona kabisa, nimekosea zaidi."

Mama huyu wa miaka arobaini na sita hupanga madirisha ya programu za kompyuta: kitufe kikae wapi, kisanduku cha kuandikia kiwe na upana gani, mstari upite wapi. Jina la Mama Rula alipewa na wenzake katika chumba hiki cha ghorofa ya tatu, chenye meza nne, feni moja na birika lisilo na kifuniko. Wanaapa kwamba siku moja alichungulia nje akasema bango la duka la viatu ng'ambo ya barabara limelala upande kwa punje moja ya mchele. Mwenye duka akapanda ngazi na kipimo, akakuta ni punje na nusu. Habari hiyo haijathibitishwa, ila bango limenyooka.

Kazi hii hakuisomea darasani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, akiandika wagonjwa katika daftari kubwa na kupiga mstari kwa rula chini ya kila jina. Kompyuta zilipoletwa, daftari likapelekwa stoo, naye nusura alifuate. Akanunua kompyuta iliyotumika, iliyong'oka herufi tatu, akajifundisha kwa miezi kumi na minne. Mumewe, fundi wa friji, anasema siku hizo hata vyombo vya mezani vilikaa kwa safu. "Ukihamisha kijiko, unaambiwa umeharibu mpangilio."

Utani wa mume huyo unaishia hapo, maana kinachofuata ni habari ya wodi.

Dirisha la wodi lilikuwa na sehemu mbili. Juu, mgonjwa anayepewa dawa sasa: jina, kitanda, dawa, na mwisho kiasi cha dawa. Chini ya mstari, mgonjwa anayefuata, kwa mpangilio uleule. Visanduku Mama Rula aliviacha vijipange vyenyewe, vikue herufi zikikuzwa. Lakini mstari aliupigilia mahali pamoja, kwa sababu hapo ndipo jicho lake lilipoupenda. Kwenye skrini yake ulikaa sawasawa.

Wodini kulikuwa na muuguzi wa miaka hamsini na saba, mwenye macho yaliyochoka. Alikuza herufi. Visanduku vikavimba na kushuka. Mstari ukabaki nyuma. Kiasi cha dawa cha mgonjwa wa kwanza kikaangukia chini ya mstari, juu kidogo ya jina la wa pili.

Wauguzi wazoefu huandaa trei ya anayefuata kabla hawajamaliza wa sasa. Ndivyo alivyofanya, akachukua kiasi cha wa kwanza akidhani ni cha wa pili. Huyo wa pili, mzee mmoja, akapewa dawa ya maumivu mara tatu ya alichoandikiwa. Alilala siku moja na nusu huku wanawe wakikesha kando ya kitanda, kisha akaamka akauliza nani amechukua ndala zake. Alishapona, yuko kwake.

Muuguzi akasimamishwa kazi. Kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kupewa hata onyo la mdomo. Alieleza kwamba alisoma kilichoandikwa, lakini wachunguzi walilifungua dirisha kwa herufi za kawaida, wakaona kila kitu kimenyooka. Wakamhesabu mwongo.

Ofisini kwa Mama Rula ilifika karatasi ya mstari mmoja kutoka hospitali: kuna alama kwenye dirisha la wodi imekaa vibaya, rekebisheni. Angeweza kuimaliza palepale kwenye kiti. Yeye alikwenda kuona. Mfanya usafi wa wodi akamwonyesha meza, akamweleza herufi zile zilizokuzwa ni za nani na mwenyewe yuko wapi sasa.

Mama Rula akakaa kwenye meza hiyo, akauona mstari wake ulivyobaki nyuma.

Meneja wake alimtaka arekebishe na kunyamaza. Mkataba wa hospitali ulikuwa unakaribia kwisha, na chumba kizima kinaishi kwa mkataba huo. Mama Rula hamlaumu. Alinyamaza siku sita. Ya sita alikaa akaufunga mstari kwenye visanduku, ili vikishuka ushuke navyo.

"Dakika mbili," anasema. "Siku sita nimenyamazia kazi ya dakika mbili."

Kesho yake alibeba kompyuta yenye dirisha la zamani hadi mbele ya kamati ya hospitali iliyokuwa ikisikiliza kesi ya muuguzi. Muuguzi alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani. Mama Rula akakuza herufi, akamwomba mwenyekiti asome kiasi cha dawa cha mgonjwa wa pili. Mwenyekiti akasoma kwa sauti, tena kwa kujiamini. Alichosoma kilikuwa cha mgonjwa wa kwanza.

"Mstari huo niliuweka mimi," Mama Rula akawaambia. "Huyu dada alisoma nilichomwekea."

Muuguzi alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

Jumatatu ijayo muuguzi anarudi wodini, baada ya siku arobaini na moja. Mama Rula ana barua ya onyo kwenye droo, mkataba bado haujajibiwa, na meneja siku hizi humsalimia kwa kichwa tu. Ameomba kitu kimoja: kuanzia sasa, kabla hajapanga dirisha lolote, akae kutwa nzima na mtu atakayelitumia. Anataka kuanza na Jumatatu hiyo. Juzi alimpigia muuguzi kumwomba ruhusa awepo dirisha jipya litakapofunguliwa.



"Njoo, mdogo wangu," muuguzi akasema. "Lakini utasimama nyuma yangu, usiguse kitu. Na nikikwambia sioni, usinibishie."

"Sitabisha, dada," akajibu.