Tete Nililolikata Vipande Viwili

Sina sababu ya kukudanganya. Mtu hudanganya ili apate kitu, na mimi kwa kisa hiki sijapata kitu. Kila ninapokisimulia mke wangu huinuka akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na siku hiyo hatuzungumzi tena. Kwa hiyo nisikilize, halafu ukitaka kucheka, cheka. Wengi wameshacheka. Na usidhani nitakuletea habari za usiku wa manane na bundi juu ya paa. Haya yalinikuta alasiri, jua linawaka, nguo zetu zikiwa bado kwenye kamba.

Miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, mimi nilikuwa dereva wa kikosi cha kuchimba visima. Tulizunguka Kilosa nzima. Leo tuko Kisanga, baada ya mwezi tuko Malolo. Kisima kikitoa maji tunafunga vyombo na kuhama. Lori langu lilikuwa kuukuu, lenye bodi la mbao, na nililipenda kuliko lilivyostahili. Ndipo nikaoa. Mke wangu, Mwajuma, ni mtoto wa Kilosa mjini, baba yake alikuwa kibarua wa reli. Hata wiki haijaisha akaniambia kwamba yeye hakuolewa ili alinde mlango. Nikienda, tunaenda wote.

Sasa tutalala wapi? Gumzo hilo lilituchukua miezi. Wenzangu walilala kwenye mahema, lakini Mwajuma alisema hema ni shuka tu iliyosimamishwa, na simba wa Mikumi hajui kupiga hodi. Mimi nikataka tela, yaani chumba kidogo chenye magurudumu, lori likivute. Msimamizi wetu akaniuliza kama nimewahi kupandisha tela milima ya Vidunda wakati wa masika. Hapo nikaacha habari za tela. Mwisho tukakubaliana tuweke vitanda ndani ya bodi la lori lenyewe, juu tufunike turubai, chini ya vitanda tuweke sufuria na gunia la unga. Wakati wa kuhama ningevikunja ubavuni, lori libebe mabomba kama kawaida. Msimamizi akakubali, mradi mabomba yake yasikose nafasi.

Tungeishia kwenye kitanda kimoja cha watu wawili, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Mwajuma alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimi nikaingiwa na kiherehere. Kwa nini nifanye kazi mara mbili? Familia itakua. Nikapanga kitanda chetu, kitanda cha mtoto mchanga chenye kingo ili asianguke kwenye barabara mbovu, na cha tatu cha mtoto mkubwa, kwa siku za mbele. Mama mkwe aliposikia aliweka kikombe chini.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto hatandikiwi kabla hajalia. Na wewe unamtandikia hata yule ambaye hajatungwa?"

Nilimsikiliza kwa adabu zote, macho chini. Moyoni nilijiambia kwamba mama wa watu anaishi zamani, sisi ni watu wa mipango. Wakati ule kila mtu alikuwa mtu wa mipango.

Kosa lenyewe lilitokea njiani, tukitoka Malolo kurudi Mikumi. Mbao nilikuwa nazo, misumari ninayo, kamba za katani za kusukia ninazo. Futi kamba ndiyo sikuwa nayo, ilikuwa kwenye sanduku la msimamizi, na msimamizi alikuwa Kilosa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikasimama kuongeza maji kwenye rejeta, na pale kando ya njia nikaona tete. Lilikuwa limenyooka, limeambuliwa maganda, limekatwa ncha zote mbili kwa kisu kikali. Kwa mchezo tu nikajilaza kando yake kwenye majani. Likanitosha kutoka kisiginoni hadi utosini, halikuzidi wala halikupungua.

Nyuma ya vichaka nilisikia majembe, na watu wakisemezana chini chini. Nikadhani ni shamba la kijiji. Nani asingedhani hivyo miaka ile? Ukisikia majembe ya watu wengi pamoja, ni shamba la kijiji, basi. Sikuita, sikuuliza. Nikalitupa tete ndani ya lori, nikafurahi kwamba nimepata kipimo bila kutafuta.

Mikumi tulipiga kambi pembeni, mbali kidogo na maduka. Siku ya kwanza nikapimia kitanda kikubwa kwa tete zima. Siku ya pili nikalikata. Kipande kirefu, mikono miwili na nusu, kilikuwa cha kitanda cha mtoto mkubwa. Kipande kifupi, mkono mmoja na nusu, cha mtoto mchanga. Siku ya tatu alasiri vitanda vyote vilikuwa vimesimama, na mimi nagonga msumari wa mwisho. Wenzangu walikuwa kwenye kazi. Mwajuma alikuwa chini, karibu na gurudumu, akichagua mchele.

Akaja mtu. Alikuwa wa rika langu, urefu wangu, shati la buluu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alitembea magoti yamekunjika, kama mtu aliyeshuka sasa hivi kutoka juu ya magunia baada ya safari ya siku nzima. Nikamwonea huruma. Nikamwambia karibu, habari za safari. Akasema nzuri. Halafu akageuka kwa Mwajuma, akamtazama tumboni, akasema kwa sauti ya upole:

"Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Niamini, ndugu yangu, mke wangu hakuwa amefungua mdomo. Mwajuma alishika tumbo kwa mikono miwili na ungo ukaanguka, mchele wote ukamwagika mchangani.

Mimi, mjinga, nikacheka. Nilidhani ni utani wa watu wa huko. Yule bwana akaniuliza kama anaweza kuviona vitanda, na wewe unajua fundi akiombwa kuonyesha kazi yake anavyokuwa. Nikampandisha. Nikamwonyesha bawaba, kamba, kingo za kitanda cha mtoto mchanga. Akajilaza kwenye kitanda kikubwa bila kuombwa, akanyoosha miguu, na magoti yake yakalia. Akashusha pumzi ndefu sana. Nikaona masikio yake yana udongo mwekundu, umejaa mpaka ndani.

Kisha akahamia kitanda cha mtoto mkubwa. Sisemi alijikunja. Sisemi miguu ilining'inia. Alilala chali, amenyooka, na alitosha. Akainuka, akaingia kile chenye kingo, na pale pia akatosha, mtu mzima yule, shati lake lile lile, kichwa kikigusa mwisho huu na nyayo mwisho ule. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu na nisingeweza kuinua hata kidole.

"Nimefuata kipimo changu," akasema akiwa amelala humo.

Ndipo nikaelewa. Kwetu mtu akifa, mwili wake hupimwa kwa tete, na tete hupelekwa kwa wachimba kaburi ili wajue urefu. Likishafanya kazi huachwa pale pale makaburini. Hakuna mtu anayelichukua nyumbani, hata mtoto anajua. Na mimi nililikuta kabla halijawafikia wenyewe.

Nilimwomba. Nilimwambia sikujua. Nikamwambia nitakwenda mtoni sasa hivi nikate lingine, zuri kuliko lile.

"Utampima nani?" akaniuliza. "Nimeshafukiwa."

Nikamwambia basi anichukue mimi, maana urefu wetu ni mmoja, nilijilaza kando yake nikaona. Nilisema kwa dhati, Mungu ananiona. Alinitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba hakuwa na hasira.

"Tete zima lingekutosha," akasema. "Tete zima halipo tena. Umelikata, na vitanda umeshatandika. Nitachukua kwa vipande, wenye vitanda wakivifikia kwa urefu."

Akashuka kwenye lori akaenda zake upande wa Kisanga na Malolo, tulikotoka, magoti yamekunjika vile vile. Sikumfuata. Mwajuma alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amepiga magoti akiokota mchele punje moja moja.

Kesho yake tulirudi Malolo, sikuomba ruhusa kwa mtu. Haikuwa vigumu kuipata nyumba yenye msiba. Kaka wa marehemu alitueleza kwamba aliyebeba tete aliliweka chini akaenda kunywa maji, aliporudi hakulikuta. Jua lilikuwa linakwenda, mvua inatishia tena, wakachimba kwa kukadiria. Mwili ulipofika shimo likawa fupi. Waliona haya kumweka maiti akisubiri juu ya ardhi huku watu wakichimba upya, wakamlaza magoti yamekunjwa. Nilimwangukia miguuni. Akaniinua.

"Sisi tumesamehe, ndugu yangu," akasema. "Lakini aliyelala pale si sisi."

Shehe alisoma dua. Nilivunja vitanda, nikachoma mbao, nikachoma na vile vipande viwili mpaka vikawa majivu. Imesaidia nini? Kipimo hakiungui. Fundi akishapima kitu kinakaa kichwani, na mimi mpaka leo nikinyoosha mkono hewani naweza kukuonyesha pale vipande vile vinapoishia.

Mtoto wetu wa kwanza, Ramadhani, alizaliwa mzima, mwenye kicheko cha kupaliwa. Nilianza kujiambia kwamba labda yaliisha kwenye dua. Alipoanza kukaa mwenyewe akapata homa, siku mbili tu. Hospitali walifanya kila waliloweza. Shemeji yangu ndiye aliyekata tete la kumpimia, na alipolipitisha mlangoni nililitambua kabla hajafika nalo uani. Mkono mmoja na nusu.

Baada ya hapo Mwajuma hakutaka kuzaa tena, na mimi sikutaka. Lakini majaliwa ni majaliwa, akaja Zaina. Niliacha udereva, nikafungua kibanda cha useremala Kilosa, sikulala tena kwenye gari. Zaina alipita ule urefu mfupi salama, tukajua kwamba yeye ndiye wa kipande kirefu. Nilichora alama kwenye mwimo wa mlango, mikono miwili na nusu kutoka chini, nikaipaka rangi ili mtoto asiulize ni nini. Ameuliza hata hivyo.

Unamzuiaje mtoto asikue? Niambie kama unajua. Siku moja nilimkuta mke wangu akimpunguzia uji, anarudisha nusu ya bakuli sufuriani, na tukagombana mpaka majirani wakaja. Nilimwita katili. Wiki haikupita, Zaina akaniomba kipande cha muhogo, na nikajisikia nikimwambia ameshiba. Akaenda zake bila kulia, nami nikabaki na muhogo mkononi.

Yeye mwenyewe hana habari. Anachotaka ni shule. Unajua walimu wetu wanavyopima mtoto aliyefikia umri wa kuandikishwa: apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Wenzake wa mtaani wameshagusa, wanakwenda kila asubuhi na vidumu vyao vya maji, na yeye anabaki kibarazani akijaribu. Ananiita nimwangalie. Nasema bado, mwanangu. Na neno hilo, bado, lilikuwa tamu kuliko yote ninayoyajua.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukikuta njiani kitu kimenyooka, kimekatwa vizuri, na humwoni mwenyewe, kiache. Kilikatwa kwa ajili ya mtu. Ukisikia majembe vichakani, paza sauti uulize wanachimba nini, hata wakikuona mshamba. Na mkwe wako akikuambia mtoto hatandikiwi kabla hajalia, usimhesabie miaka yake. Mimi majuto yangu yamekuja na umri wa miaka sita, na yananiita baba.

Jana asubuhi nilimsimamisha Zaina kwenye mwimo. Imebaki upana wa kidole kimoja. Jioni akaja mbio kibandani kwangu, mkono umepita juu ya kichwa, vidole vimeshika ncha ya sikio, meno yote nje. Ungefanya nini wewe? Nilimpigia makofi. Akacheka, akakimbia nyuma ya nyumba kumwonyesha mama yake.