Askari Kutosha

Niliondoka Morogoro nikiwa na neno moja la kusema: mdogo wangu Juma arudi nyumbani. Alikuwa sajenti mashariki ya Kongo, katika kikosi kilicholetwa na nchi marafiki kusaidia vita, na miezi ile serikali ya Kongo na marafiki zake walikuwa wamenuniana. Wenyeji walitaka wageni wapunguzwe. Wageni walilalamika kwamba wanazuiwa kufanya kazi, kisha wanalaumiwa kwa kutoifanya. Redioni waliita hiyo tofauti ya kidiplomasia. Mimi nilimwona Juma tu, analala handakini huku wakubwa wanasusiana.

Mdogo wetu wa mwisho, Neema, ni nesi na anaishi Marekani, mji wa Fridley, kaskazini ya Minneapolis. Aliponipigia kwamba akina mama wa Kikongo wa Brooklyn Center, mji wa jirani, wamepata miadi Saint Paul na msaidizi wa mbunge, na wanatafuta mkalimani, sikumwacha amalize. Nafundisha Kiingereza sekondari, na likizo ilikuwa imekaribia.

"English yangu mimi ni ya wodini," alisema. "Njoo wewe. Ukimaliza kutafsiri, watakupa nafasi useme na lako."

Hapo ndipo aliponipata.

Kutoka Dar es Salaam hadi Amsterdam nilikariri hotuba yangu. Kutoka Amsterdam hadi Minneapolis niliikariri tena, kwa bidii kiasi kwamba mzee wa kiti cha pili akaniitikia amina.

Fridley niliikuta mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka. Ile ya kwenye kalenda huwa nyeupe. Hii ilikuwa na rangi ya majivu, imerundikwa kando ya magari, na chini yake ni tope tupu. Neema akaniazima viatu vyake vya baridi.

Brooklyn Center tulikwenda Jumamosi, kwa Mama Furaha, ambaye ndiye angezungumza kwa niaba ya wenzake. Alitufungulia mlango, nyumba nzima ikinukia sombe, kisamvu chao kile.

"Karibu, Mama Mwalimu. Tosha biatu."

"Vinanitosha kabisa," nikajibu, nikamwinulia mguu aone. "Ni vya Neema, lakini tunavaa namba moja."

Nikapita navyo hadi katikati ya zulia lake la rangi ya maziwa. Mama Furaha akavitazama viatu, akanitazama mimi, akameza mate. Wenzake wawili waliokuwa kwenye kochi wakaangalia dari. Neema alikuwa bado chini anatafuta pa kuegesha gari. Nikajiambia, kumbe Wakongo ni watu wakimya hivi.

Tulipokuwa tunakula alinieleza habari za mama yake, aliyebaki nje kidogo ya Beni. "Eko analala pembeni ya kambi ya basoda ba Tanzania. Pale tu njo anapata usingizi."

Nikamwambia kwamba mdogo wangu ni mmoja wa askari hao. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Nilishindwa kumwambia kwamba nimekuja kuomba waondoke.

Saint Paul, Jumatatu asubuhi, tulivuka mto Mississippi ukiwa bado na mapande ya barafu. Msaidizi wa mbunge alikuwa kijana mpole mwenye tai. Aliuliza swali moja: serikali yenu inasema askari wa kigeni waondoke, na nchi zilizowaleta zimechoka kugombezwa, je, ninyi mnasemaje?

Mama Furaha akasimama. "Banasema batatosha basoda," akasema, akaningoja.

Nikatafsiri kwa moyo mkunjufu: wameambiwa kwamba askari watatosha. Ina maana wa kwao wenyewe wanatosha, wageni wanaweza kurudi makwao! Kijana akaandika. Nilikuwa nimeshamwona Juma akishuka kwenye ndege.

Mama Furaha akanivuta mkono wa koti. "Umesema 'enough'?"

"Ndiyo. Watatosha."

"Hapana! Sikusema 'enough'. Kutosha! Kama vile nilikuambia ku mulango, tosha biatu, ukaniingilia nabyo ku tapis yangu!"

Wale wenzake wawili wakaangua kicheko walichokibana tangu Jumamosi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kuvua. Kuondoa. Wanasema watawaondoa askari.

Yeye hakucheka. "Bakubwa bakigombana, bo banaenda ku hôtel. Shiye tunaenda mu pori. Bashitoshe basoda. Sema ivyo ivyo, Mama Mwalimu. Ndugu yako eko mule, niko najua. Sema ivyo ivyo."

Nikamgeukia kijana. Nikasema vilevile, neno kwa neno: wasiwaondoe. Kijana akafuta alichoandika, akaandika upya. Kisha akaniuliza kama na mimi nina la kusema.

Ile hotuba niliyoivusha bahari nikaiacha. Nikamwambia kwamba mdogo wangu yuko kwenye kikosi hicho na namtaka arudi mzima. Lakini asiondolewe kwa sababu ya watu kununiana mezani, akaachwa mama wa huyu mama bila wa kumlinda. Na maadamu yuko kule, wanaomtuma na waliomwita wasimfanye fimbo ya kuchapana.  Kijana hakuahidi kitu, alisema atayafikisha juu.

Siku ya kuaga, Brooklyn Center, nilivua viatu tangu kwenye ngazi. Mama Furaha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Morogoro nilifika jioni. Sijatua hata begi, simu ikaita. Ni Juma.

"Dada, Neema kaniambia ulikwenda kuwaambia watutoshe."

Alikuwa ameshaanza kusema kama watu wa huko, wala hakujua. Sikuhitaji mkalimani.

"Nilikwenda kwa ajili hiyo," nikamwambia. "Nimewaambia wasiwatoshe."

Nikamsikia akisogea mbali na wenzake.

"Kuna bibi mmoja analala hapa nje ya kambi," akasema. "Kila asubuhi huniuliza kama tunaondoka. Kesho nitamwambia tupo."

Tulipoagana nilikuwa bado nimesimama mlangoni na viatu vya safari. Nikavitosha, nikaingia ndani, nikalia.