Bi Nukta na Herufi Iliyokonda

Kabla ya kompyuta kuingia, ubao wa kupimia macho pale kliniki ulikuwa ukisomwa vizuri hata na watu wasioona. Dirisha la chumba cha vipimo lilitazamana na benchi la wagonjwa, na aliyekaa benchini kwa saa mbili alikuwa ameshakariri kila kitu: kulia, juu, kulia, chini, kushoto. Herufi zote za ubaoni zilikuwa E, zimegeuzwa huku na huku, ili hata asiyejua kusoma aonyeshe kwa vidole vitatu miguu ya herufi imeelekea wapi. Aliyetoka alimnong'oneza anayeingia. Mzee mmoja aliwahi kupita mstari wa mwisho bila kosa hata moja, akashukuru, akageuka, akaugonga mlango kwa paji la uso.

Nesi aliyemshika mzee yule asianguke ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Jina lake liko kwenye cheti cha kazi na huko lilibaki, kwa sababu kuanzia daktari hadi mfagizi wote humwita Bi Nukta, na yeye huitika. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na mbili na miwani minene kuliko ya mgonjwa yeyote. Kompyuta alikuwa hajui hata pa kuiwashia.

Kompyuta yenyewe ilitoka kwenye ofisi ya jirani iliyokuwa ikihama. Ilikuwa kuukuu hata siku ile ilipoletwa. Ikawekwa stoo, mfagizi akapata pa kutundikia matambara yake. Pamoja nayo kulikuwa na kijitabu cha BASIC, lugha ya zamani ya kuiamuru mashine, jalada limeng'oka na kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Bi Nukta alikifungua siku ya mvua wagonjwa walipokuwa wachache, akakuta mahali panapoeleza jinsi ya kuiambia mashine ichague namba bila mpango. Akafunga kijitabu. Kama mashine inaweza kuchagua bila mpango, basi inaweza kuigeuza E bila mpango, na benchi lote lile halitakuwa na cha kukariri.

"Wewe na kompyuta wapi na wapi?" akauliza mtunza faili, rafiki yake wa miaka yote, mwanamke mwenye ulimi usio na breki.

"Kwani mimi na sindano tulizaliwa pamoja?" akajibu Bi Nukta.

Mwezi wa kwanza mashine ilimtukana, ndivyo alivyosema mwenyewe. Kila alipoiamuru ichore mstari, ilimjibu kwa Kiingereza kikavu kwamba ameomba kisichoruhusiwa. Aliyeuona mlango wa kutokea ni yeye mwenyewe, kwa kurudia ukurasa mmoja mpaka ukalegea kwenye gundi. Kioo cha mashine, kumbe, kina mikao, na ni lazima uiambie ikae mkao gani kabla hujaomba lolote. Amri ni neno SCREEN na namba mbele yake. SCREEN 0 ni mkao wa maandishi matupu, na hapo ukiomba mstari unaomba maziwa kwa jogoo. SCREEN 1 inakipasua kioo kuwa nukta nene na inakupa rangi nne. SCREEN 2 inatoa nukta nyembamba zaidi, lakini rangi zinakwenda na maji, unabaki na nyeusi na nyeupe. Na kila unapotoa amri hiyo kubadili mkao, mashine inafuta kila kilichokuwa kiooni bila kukuuliza. Jambo hilo la mwisho alilijua kwa machozi, baada ya kuchora E yake ya kwanza kwa siku nne na kuifuta kwa neno moja.

Aliichora upya. Aliijenga kwa nukta, tano kwenda upande na tano kwenda juu, kisha akaikuza kwa ukubwa mbalimbali. Alitembea korido nzima akihesabu nukta kwa vidole, na hapo ndipo jina lilipompata. Baada ya miezi mitano chumba cha vipimo kilikuwa na mashine inayogeuza herufi inavyotaka yenyewe, na wakariri wakaanza kupewa miwani. Mimi nimewajua watu wenye shahada kwenye fremu wasioweza kusimulia kazi ya namna hiyo.

Ila daktari hakutosheka. Waliokuja kutafuta fomu za macho kwa ajili ya kazi za hatari, madereva na mafundi wa kupanda juu ya majengo, walihitaji kupimwa kwa herufi ndogo zaidi, na chumba kilikuwa na urefu wa hatua nne tu, mgonjwa hana pa kurudi nyuma. Herufi ndogo kabisa ya Bi Nukta ilikuwa na unene wa nukta moja, na nukta haikatiki. Akarudi kwenye kijitabu. Katika jedwali la mikao akaona kwamba SCREEN 1 ina nukta mia tatu na ishirini kwa upande, na SCREEN 2 ina mia sita na arobaini. Akaipigia ile mia sita na arobaini mstari kwa kalamu nyekundu. Basi herufi ya mwisho kabisa akaihamishia SCREEN 2, nukta tano kwa tano zilezile, ikatoka ndogo kama punje ya mchele. Daktari akampa mkono.

Kwa wiki nane kila mwenye fomu alionyeshwa punje ile. Na jambo la ajabu likaanza kujitokeza. E ikitazama kulia au kushoto, watu waliiona. Ikitazama juu au chini, walibabaika. Daktari akasema kuna jicho linaloona mistari iliyolala na kushindwa iliyosimama, ugonjwa unaojulikana, ila hajawahi kuuona kwa watu wengi namna hii. Wakaanza kulaumu vumbi la barabara mpya. Fomu thelathini na moja ziligongwa muhuri wa kukataliwa, na aliyegonga ni Bi Nukta.

Wa thelathini na moja alikuwa dereva wa kreni. Miaka kumi na minne alikuwa ameketi kwenye kibanda juu ya majengo yanayopanda, akishusha vyuma katikati ya vichwa vya wenzake, na hajawahi kumkwaruza mtu. Fomu yake ilitakiwa kwa msimamizi Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Isipofika ikiwa safi, kibanda anapewa mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alionyesha kulia, sawa. Kushoto, sawa. Kisha herufi ikatazama juu, naye akakunja uso, akashusha mkono.

"Sista, hiyo herufi imekonda."

"Imekonda vipi?"

"Ikigeuka inabadilika umbo. Mimi nageuza mizigo angani kila siku. Mzigo ukigeuka haupungui. Huo wako unapungua."

Bi Nukta alikuwa amechoka na njaa inamwuma. "Kaka yangu, kila anayeshindwa huilaumu herufi," akasema, akagonga muhuri.

Yule dereva hakubishana. Aliikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni, akasema asante, akatoka kwa hatua za mtu anayeshuka ngazi.

Asante ile ndiyo iliyomnyima chakula cha mchana. Bi Nukta alifunga mlango, akaketi mbele ya mashine na rula ya plastiki ya kufungulia bahasha. Kupima punje ya mchele kwa rula ni kujidanganya, kwa hiyo aliingia ndani ya programu, penye moja akaandika ishirini, ili herufi ileile ikue mara ishirini pale pale kwenye SCREEN 2. E ikasimama kiooni, ndefu na nyembamba kama mlango uliofunguliwa nusu. Akaweka rula kwenye kioo. Kwenda juu, sentimita tisa na nusu. Kwenda upande, nne kasoro.

Akavua miwani, akaifuta, akapima tena. Rula ikasema yaleyale.

Akafungua jedwali. Ile mia sita na arobaini ilikuwa pale, na mstari wake mwekundu kama kidonda. Safu ya pili, ya nukta za kwenda juu, hakuwa ameitupia jicho hata siku moja. SCREEN 1, mia mbili. SCREEN 2, mia mbili. Upande ulikuwa umegawanywa mara mbili na urefu haukuguswa. Nukta za mkao ule hazikuwa ndogo. Zilikuwa zimebanwa mbavu tu. Kwa hiyo herufi ilipotazama juu, nafasi kati ya miguu yake ilikuwa nusu ya ilivyotakiwa, na hakuna jicho la binadamu wa kawaida ambalo lingeiona kutoka pale kitini. Watu thelathini na mmoja hawakuwa na ugonjwa wowote. Akakaa na rula mkononi kama mtu aliyeokota kisu.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, mlango umefungwa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kliniki ya kulinda.

"Tuwaite kwa kipimo cha marudio," akasema. "Tuseme mashine ilipata hitilafu. Ni kweli, si uongo."

"Mashine haikupata hitilafu, daktari. Iliweka nukta pale nilipoiambia iweke."

"Bi Nukta, wakijua umekosea wewe, nani atakaa tena kwenye kile kiti? Wataitoa mashine, tutarudi kwenye ubao."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Mashine ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuifanyia dunia, na alijua kwamba siku ikirudishwa stoo na yeye atarudi kuwa nesi wa kutia watu matone ya macho tu. Aliogopa kwelikweli. Lakini akasema, "Watu hawa wameambiwa wana macho mabovu. Wakiambiwa mashine ilikuwa mgonjwa, watajiuliza kama imepona. Wakiambiwa mimi nilikosea na kosa ni hili hapa, watajua yameisha."

Daktari akamsogezea kadi tupu na kalamu.

Alasiri yote ile aliandika kadi kwa mkono wake, thelathini na moja, zote zikisema maneno yaleyale: "Kosa lilikuwa katika kipimo nilichokitengeneza mimi, si katika jicho lako. Tafadhali rudi upimwe upya." Na chini yake akaweka jina lake kamili, lile la kwenye cheti. Mtunza faili alipoziona alitaka kutania, midomo ikakataa, akaketi kumsaidia kutafuta anwani.

Kosa lenyewe alilirekebisha Alhamisi asubuhi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Alijaribu kwanza kuinenepesha herufi kwenye SCREEN 2, akakuta haina faida: ukiipa upana inaostahili, urefu wake ni uleule wa zamani, nukta ni mia mbili tu kwenda juu hata ukilia. Akaiacha. Akarudi SCREEN 1, nako akapima kwa rula akakuta nukta zenyewe si za mraba kamili, akaipa herufi nukta sita za upande kwa kila tano za kwenda juu, mpaka rula ikatoa namba ileile juu na upande, kwa mielekeo yote minne. Kuhusu udogo, akafanya jambo ambalo halimo katika kijitabu chochote. Akakibeba kiti cha mgonjwa, akakitoa nje ya mlango, akakiweka katikati ya korido, hatua nane kutoka kwenye kioo. Herufi ikawa ndogo kadiri daktari alivyotaka, bila kuibana mbavu.

Kadi ya dereva wa kreni hakuituma. Alikwenda nayo Alhamisi hiyohiyo kwenye jengo alikofanya kazi, akamkuta chini akifagia mbao zenye misumari, wenzake wakijifanya hawamwoni. Akaisoma kwa sauti, msimamizi akisikia.

"Kwa hiyo ilikuwa imekonda," akasema dereva.

"Ilikuwa imekonda. Uliniambia, nami nikakugongea muhuri. Nisamehe, kaka yangu. Njoo kesho saa mbili."

Ijumaa saa mbili korido ilijaa, maana habari ilikuwa imeshasambaa. Mfagizi alishikilia mlango usijifunge. Bi Nukta alisimama kando ya mashine akiwa na wasiwasi, kwa sababu rula ilikuwa imemwambia lake, lakini bado hajaambiwa na jicho la mtu. Juu, akaonyesha dereva. "Sahihi." Chini. "Sahihi." Kushoto, juu, kulia, juu. Kila mara Bi Nukta alisema sahihi, na kila mara sauti yake ilizidi kuwa ndogo. Saa tatu fomu ilikuwa na muhuri mpya. Wenye kadi nao wakaja, mmoja mmoja, kwa wiki tatu. Ishirini na tisa wakapita, wawili walihitaji miwani kweli na wakaipokea bila neno. Hakuna aliyedai ubao urudi.

Miezi michache baadaye Bi Nukta na mtunza faili walikuwa wanatoka kazini, wakapita chini ya lile jengo, sasa limeongezeka ghorofa mbili. Mtunza faili akasimama.

"Kuna mtu kule juu kwenye kibanda anakunyooshea vidole vitatu. Ni matusi ya wapi hayo?"

Bi Nukta aliinua uso. Kwa miwani yake ile, kreni ilikuwa mstari tu, na juu ya mstari kulikuwa na mbingu.

"Vimeelekea wapi?" akauliza.

"Juu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, na machozi yakamjaa, wala hakuyaficha.

"Sahihi," akasema.