Samaki Niliowaanika Kwenye Hema la Muhogo

Jamani, mkasa huu sijawahi kuusimulia wote, hata kanisani kwenye ushuhuda niliupitia juu juu nikasema tu "Mungu ametenda" nikakaa, kwa sababu ni aibu mtu mzima, baba wa watoto wawili, tena mfanyakazi wa kutunza wazee, kuitiwa polisi na jengo zima kwa ajili ya harufu. Lakini leo mmekula sombe yangu, haya majani ya muhogo, na mmeisifu wenyewe, basi kaeni niwaambie ilikotoka.

Ilikuwa Januari 2011. Nilikuwa naishi hapa hapa Hässelby, nchi hii ya theluji, ghorofa ya pili, peke yangu, mke wangu Furaha na watoto bado wako kwetu Uvira wanasubiri makaratasi. Ofisi ya uhamiaji ilitaka kuona kwamba nina nyumba yenye mkataba kwa jina langu, na nyumba hii niliipangia foleni miaka mpaka nikasahau kama nilijiandikisha. Kwa hiyo mwaka ule kila nilichofanya nilikifanya nikiuwaza ule mkataba: nikiharibu nikafukuzwa, faili la mke wangu linarudi chini ya rundo na wanangu wanaendelea kunijua kwa sauti ya simu. Wekeni hilo akilini, maana mimi mwenyewe nililisahau kwa siku tatu.

Sasa, Furaha alikuwa ameniambia jambo moja tu: siku atakayofika hataki mkate wala viazi, anataka sombe mbichi ya kutwanga, na ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwa letu. Sombe ya pakiti, ya barafu, ipo dukani, ningeweza kununua yakaisha, lakini nilishajitapa. Mama mmoja wa kanisani alinipa vijiti vitano vya muhogo (msiniulize aliwapitaje watu wa uwanja wa ndege), na muhogo unataka jua, na hapa mwezi wa kwanza saa tisa alasiri jua limeshaaga. Ndipo nikaona tangazo kwenye mtandao, jamaa wa Hallunda anauza hema la kuoteshea mimea ndani ya nyumba, refu kama kabati, ndani limefunikwa kitu kinachong'aa kama kioo, pamoja na taa yake na feni yake. Nikaenda.

Yule jamaa alinielekeza kwa upole kama mwalimu: taa usiisogeze karibu na majani, yataungua, joto likipanda sana mmea unakunja majani, hewa ya moto lazima itolewe na feni. Akaniuliza ninapanda nini. Nikamwambia chakula cha mke wangu. Akacheka, akanipiga begani, akasema, "Ndivyo tunavyosema wote." Nami nikacheka, kwa adabu tu, sikuelewa kilichomchekesha.

Nikalisimamisha hema jikoni, nikawasha taa, na baada ya saa mbili kipimajoto kikasoma thelathini na nane, majani machanga yamejikunja kama yanaona aibu kabla yangu. Nikaipandisha taa juu, nikaweka saa ya kuizima yenyewe usiku ili mimea nayo ilale, na feni nikaiunga na bomba la bati laini. Swali likawa, hewa ya moto niitoe wapi? Dirishani nje ni baridi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, nikifungua nimeua muhogo na mimi mwenyewe. Nikainua macho nikaona lile tundu la hewa la jikoni, juu ya jiko. Nikachomeka bomba humo, nikalizungushia utepe wa gundi, nikarudi nyuma nikajitazama nilivyo fundi. Muhogo ukakubali. Mwezi mmoja majani yakawa mapana, ya vidole saba saba, ya kijani mpaka unataka kuyasalimia.

Ningeishia hapo nisingekuwa na kisa.

Alhamisi moja nikapita sokoni nikaona strömming, vile visamaki vya bahari ya hapa, vinang'aa kama fedha, nikasema moyoni, hawa si ndagala waliovaa koti la baridi? Nikabeba kilo tatu. Na lile joto la taa lilikuwa linapita bure juu ya hema, na mimi nimekulia ufukweni ambako jua halipiti bure, basi nikafunga kamba ndani ya hema, juu kabisa, nikawatunga samaki mmoja mmoja, nikafunga zipu, nikaenda kulala nikiwa na amani. Nilichosahau ni kwamba ndagala hana mafuta, na anakauka kwa jua na upepo, wakati strömming ana mafuta kama siagi, na ndani ya hema kuna udongo unaomwagiliwa kila siku. Wale samaki hawakukauka. Walichacha. Na mimi nilikuwa na mafua makali, pua zote mbili zimeziba, sisikii hata harufu ya kahawa.

Jumamosi nikakuta karatasi imebandikwa kwenye lifti (mnajua watu wa hapa, hawakugombezi, wanakuandikia), imeandikwa kwamba kuna uvundo kwenye jengo na mhusika ajirekebishe. Nikaisoma, nikasikitika jinsi watu wasivyo na ustaarabu. Halafu nikatoa kalamu, Mungu ananiona, nikaandika chini yake, "Nakubaliana kabisa. Ni aibu. Byamungu, ghorofa ya pili."

Jumapili nilikuwa kazini Spånga kutwa nzima. Jumatatu nikarudi saa kumi na mbili jioni, giza limeshaingia, nikakuta gari la polisi mlangoni, na kwenye ngazi majirani wamejipanga wameziba pua kwa skafu. Mbele ya mlango wa jirani yangu, Mzee Lennart, mlango ulio ubavuni mwa wangu, alikuwepo askari mwanamke amepiga magoti amefungua kile kitundu cha barua anachungulia, na pembeni fundi wa vitasa anatoa mashine. Mama wa ghorofa ya tatu akaninong'oneza kwamba Mzee amegongewa leo hafungui, na harufu inatoka kwake, na sote tunajua maana yake.

Nilihuzunika kweli, siwatanii. Nikavua kofia. Nikamwambia askari kwamba mimi ni mtu wa kutunza wazee, kama wanahitaji msaada nipo. Akanishukuru, akaniuliza mara ya mwisho nilimwona lini.

Jamani! Mimi ambaye kila asubuhi nafungua milango kumi na miwili nikiwauliza wazee wa watu kama wamelala vizuri, kama wamekunywa dawa, sikujua mara ya mwisho nilimwona lini mzee ninayepakana naye ukuta. Nikasema, "Tunasalimianaga kwenye ngazi." Askari akaandika hilo kwenye kijitabu chake, na mpaka leo nikikumbuka ile kalamu inavyotembea, nasikia joto usoni.

Mlango ukafunguka. Wakaingia. Nami nimeanza Baba Yetu kimoyomoyo, nimefika kwenye mkate wetu wa kila siku, ndipo ikatoka sauti nyembamba, kavu, ya mtu aliyelala chini muda mrefu:

"Ni nani anayeozesha strömming humu ndani? Siku tatu sasa."

Alikuwa hai. Alianguka bafuni Jumapili asubuhi, nyonga imevunjika, simu iko sebuleni, sauti imekauka kwa kuita. Binti yake yuko mji wa mbali, Göteborg, wanapigiana mara moja moja, na kabla ya harufu hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumgongea. Majirani wengine walianza kulia, mimi nikalia kuwazidi, kwa furaha, na hapo hapo katikati ya kulia lile neno likanifikia. Strömming. Machozi yakakatika yenyewe.

Mzee alipokuwa anateremshwa kwa machela, askari akauliza harufu basi ni ya nini, na mama wa ghorofa ya tatu akakumbuka jina langu kwenye karatasi ya lifti, akanitazama mimi. Nikanyoosha mkono kama mtoto darasani. Nikasema ni yangu.

Nikawafungulia. Walipoona mwanga wa njano unatoka kwenye upenyo wa zipu, wakatazamana. Walipofungua zipu na kuona yale majani ya vidole saba, yule mwanamke akanisogeza ukutani, kwa heshima lakini akanisogeza, akauliza hii ni nini. Hapo ndipo nilipoelewa kicheko cha yule jamaa wa Hallunda, kwamba majani yale yanafanana na bangi, na nikaona mkataba wa nyumba unaondoka, faili la Furaha linarudi chini ya rundo. Nikasema ni chakula. Nikasema ni sombe. Nilitaka nitafune jani mbele yao, nikakumbuka jani bichi la muhogo lina sumu, wasije wakabeba machela ya pili. Mwishowe nikaomba ruhusa nifungue friza, nikatoa pakiti ya sombe ya dukani yenye picha ya jani, nikaishika kando ya mmea. Askari akatazama picha, akatazama mmea, akawatazama samaki wanaodondosha mafuta juu yake, akasema polepole, "Sasa hawa walikuwa wanafanya nini humu?"

Nikamjibu, "Nilikuwa namwandalia mke wangu chakula."

Alichukua jani moja kwenye mfuko, akaandika, akaniambia niwatupe samaki leo hii. Zikafuata siku tisa ambazo sikulala. Nilimpigia Furaha nikamwambia yote, nikitegemea anifariji, akasema, "Baba Neema, weye uko na akili kweli? Samaki ya mafuta vile unaanika mu nyumba?" Halafu akauliza kama yule mzee ana mtu wa kumpelekea chakula hospitali.

Hakuwa naye. Nikaenda mimi, kesho yake na siku zilizofuata, na mara ya kwanza kabisa nikakaa kwenye kiti karibu na jirani yangu.

Siku ya kumi polisi wakapiga simu, jani ni la muhogo, hakuna kesi. Mwenye nyumba naye akaniita. Fundi wake akanieleza kwamba yale matundu ya hewa yameungana, feni yangu ilikuwa inasukuma kila kitu kwenda kwa Mzee, na kwamba mtu hufukuzwa kwa hilo. Lakini mezani palikuwa na barua, mwandiko unatetemeka, na yule bwana akanisomea sentensi yake moja: "Kama samaki wake wasingenuka, mimi ningekuwa ndiye ninayenuka." Nikapewa onyo la maandishi tu. Mkataba ukabaki. Nilipofika nje nikakaa kwenye theluji, kwa suruali ya kanisani, nikavuta pumzi, na mafua yalikuwa yamepona.

Furaha na watoto walifika mwezi wa tano. Muhogo ulikuwa umekua, tulitwanga, ndagala tulinunua dukani waliokaushwa na watu wenye akili. Samaki sianiki tena, wala bomba siliungi mahali nisipojua linakwenda wapi.

Na kila asubuhi kabla sijaenda kwa wazee wa Spånga, nagonga ukuta huu mara mbili, naye anagonga mara moja. Asipogonga, ninao ufunguo wake. Ile sahani iliyofunikwa pale jikoni msiiguse, ni yake, anasubiri mwondoke ndio aje, anasema tunapiga kelele.