Kikapu cha Mama Khamla

Jumapili, 12 Mei. Mvua ilinyesha hapa mjini Garland tangu alfajiri.

Mama Khamla, mtu wa Laos ninayefanya naye kazi boharini, alinipeleka kwenye hekalu lao la Kibudha kumwombea marehemu mama yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, basi garini alinipa masharti: "Baba Furaha, vua viatu, usiguse kichwa cha mtu, na ukikaa usielekeze nyayo kwa watawa."

Aliposhuka kununua maua aliniachia kikapu kidogo chenye kifuniko. "Shika hiki," alisema. Ndani mlikuwa na wali wa kunata, wa moto, nami sikuwa nimekunywa chai. Kwa haki, yeye hakusema nisile, na mimi sikuuliza. Nilionja tonge moja. Baadaye nikaona si adabu kubakiza chakula cha mtu.

Hekaluni nilivua viatu vizuri sana. Watu walipanga mstari, watawa wakaanza kupita na mabakuli, na kila mtu akawatilia wali. Mzee mmoja akanieleza kwamba anachopewa mtawa humfikia marehemu. Nilitamani kwenda chooni.

"Nipe wali wa mama," Mama Khamla alininong'oneza.

Nikampa kikapu. Akakifungua mbele ya mtawa, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Baba Furaha," alisema polepole, "sasa mama yangu atakula nini?"

Jioni mke wangu alipika ugali na sombe, majani ya muhogo. Nilisema nimeshiba, na ulikuwa ukweli.